Barua kwa mwanangu aliyeko Dodoma: Idi na watoto wadogo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi hapa nyumbani hatujambo. Shangazi yako anakusalimu sana, mguu wake unaendelea vizuri alhamdulillahi, na kaka yako anauliza habari zenu kila akija. Namuomba Mungu awahifadhi huko Dodoma wewe, mumeo na wajukuu zangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Uliniuliza hivi: "Mama, mlitufanyia nini hata Idi ikawa Idi? Mimi wanangu nawanunulia nguo, viatu, michezo na keki, na ikifika saa sita mchana wameshachoka, wanataka katuni. Mwaka huu likizo haikupatikana, hatuvuki kuja Unguja. Nifanyeje humu ndani hata wajue kuwa leo ni sikukuu?" Sikutaka kukujibu kwa simu huku wewe unapika na mtoto analia. Nimeona nikuandikie, uisome wakishalala.

Nianze na lile ninaloliamini. Wanao hawakosi kitu, wanakosa kazi. Asubuhi ya Idi wanaamka na nguo imeshapigwa pasi, keki imeshakatwa, michezo imo mifukoni. Hawakuingoja, hawakusaidia kuitengeneza, hawakumpelekea mtu chochote. Kilichobaki ni kuvaa na kula, na mtoto kuvaa na kula anamaliza mara moja. Nyinyi mlipokuwa wadogo kulikuwa na mambo ya sikukuu ambayo yalikuwa yenu kabisa, mimi nisingeweza kuyafanya bila nyinyi au nilikuwa nawaachia kwa makusudi. Basi mwaka huu usiongeze kununua. Wagawie sehemu zao. Mkubwa ana miaka sita, anaweza mengi kuliko unavyomdhania. Mdogo ana mitatu, na wa miaka mitatu anaweza kubeba sahani ya plastiki akiangaliwa.

Tena usingoje siku yenyewe. Sikukuu ya mtoto inaanza ndani ya Ramadhani. Mkubwa akitaka kujaribu kufunga, mwache afunge mpaka adhuhuri, ale, halafu jioni akae mkekani na wakubwa akiwa na tende yake mkononi angoje adhana. Si faradhi kwake mpaka abaleghe, kwa hiyo usimlazimishe na usimsifu kupita kiasi mbele ya mdogo wake. Huku watoto wote wanajua leo ni chungu cha ngapi, yaani siku ya ngapi ya mfungo. Weka karatasi ukutani jikoni, kila siku baada ya futari achore chungu kimoja. Vikikaribia thalathini utaona mwenyewe anavyoanza kuhangaika.

Jioni ya chungu cha ishirini na tisa toka nao nje kabla ya Magharibi. Kwa hili nyinyi mmetuzidi. Miaka hii Idi imeangukia masika au karibu yake, na hapa Unguja mawingu yanafunika magharibi yote, watu tunakaa macho kusubiri tangazo la Mufti hata usiku mkubwa. Dodoma mbingu ni pana, hakuna minazi wala maghorofa ya kuizuia upande wenu. Waonyeshe jua linapozama, uwaambie watafute mwezi mwembamba kama ukucha, chini kabisa, tena waharakishe maana hauchelewi kutua. Wakiuona, wao ndio wapige kelele, wao ndio wamkimbilie baba yao kumwambia. Wasipouona, waende kulala bila kujua kama kesho ni sikukuu au chungu cha thalathini. Usiwahurumie kwa hilo. Nyinyi usiku ule mlikuwa hamlali, mnanong'ona kitandani, na asubuhi hakuna aliyehitaji kuamshwa.

Na yule mkubwa atakuuliza kwa nini mwaka jana Idi ilikuwa siku nyingine. Mjibu sawasawa, asiambiwe tu "ndivyo ilivyo". Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idi inarudi nyuma kila mwaka, na inachukua kama miaka 33 kuzunguka misimu yote. Mwambie kuwa mama yake alipokuwa mdogo kuliko yeye, katika mwaka 2000, tulisali Idi ya kufungua mfungo mara mbili: mwanzoni mwa Januari, na tena siku za mwisho za Desemba. Hiyo ya pili iliangukia wiki moja na Krismasi. Nitakwambia zaidi nikifika kwenye mambo ya jirani.

Sasa fitri, ile zaka ya kumaliza mfungo wanayopewa wenye haja, na hapa nisikilize vizuri. Najua mumeo anaitoa, na anaitoa kwa wakati, Mungu amlipe. Lakini anaituma kwa simu, na watoto hawaioni. Mwaka huu nunueni mchele muupime nyumbani. Fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, ya chakula kinacholiwa mji ule, kama kilo mbili na nusu kwa mizani ya leo, na inatakiwa imfikie mwenyewe kabla ya sala ya Idi. Hata mtoto mchanga anatolewa yake, maadamu amezaliwa kabla jua la siku ya mwisho halijazama. Pishi ni vibaba vinne. Nyinyi mko wanne, kwa hiyo ni vibaba kumi na sita.

Tandika mkeka, weka mchele katikati, mpe mkubwa kibaba. Achote, asawazishe juu kwa kiganja, amimine. Ahesabu kwa sauti: hivi vinne vya baba, hivi vinne vya mama, hivi vyangu, hivi vya mdogo wangu. Mdogo ashike mdomo wa mfuko. Utamwagika mchele, waokote wenyewe. Wakichanganya hesabu, waanze upya, na wewe usiwachukulie kibaba mkononi hata kama futari inakungoja. Mtoto akiona mchele wa jina lake umewekwa pembeni, sawa na wa baba yake, bila kupungua kwa sababu yeye ni mdogo, anajua kuwa yeye ni mtu kamili katika nyumba hii na kuwa kuna mtu nje anangoja kitu kutoka kwake. Sijui njia nyengine ya kumfundisha jambo hilo kwa haraka kama hii.

Halafu waende nao kuipeleka. Muulize imamu wa msikiti wenu wa mtaani, yeye anawajua wenye haja. Mtoto asiachwe ndani ya gari. Ashuke, abishe hodi, aamkie shikamoo, atoe kwa mikono miwili, na kama mwenyeji atasema karibuni basi mkae kidogo. Wala msipige picha, nakuomba. Hizi picha za watu kupokea mchele zinaniumiza sana, mtu anapewa haki yake huku anafedheheshwa. Wewe na kaka yako mlikuwa mnagombania nani ampelekee bibi yule wa nyuma ya chuo, kwa sababu alikuwa anawashika vichwa anawaombea dua ndefu mpaka mnaanza kucheka. Ameshatangulia mbele ya haki, na wewe mpaka leo unamtaja katika sauti unazonitumia. Nguo uliyovaa mwaka ule huikumbuki hata rangi.

Jikoni nitakwambia jambo moja ambalo wenzako hawatakwambia: pika vitu vichache. Umesema umechoka kabla Idi haijafika. Si lazima kuwe na pilau, biriani, sambusa, kaimati, visheti, mkate wa ufuta na mkate wa kumimina siku moja, na wewe unafanya kazi ofisini. Chagua vitatu. Kimoja kiwe cha watoto, kimoja cha baba yao, kimoja chako.

Cha watoto kiwe vileja, vinakaa bila kuharibika, kwa hiyo mnaweza kuvifanya siku mbili tatu kabla. Unga wa mchele vikombe vitatu, samli kikombe, sukari laini kikombe, mayai mawili, hiliki ya kutosha. Hiliki itwange mwenyewe, ya pakiti haina harufu. Samli na sukari vipigwe mpaka viwe vyeupe kabla hujatia mayai na unga, hapo ndipo kileja kinapata ulaini wake. Watoto wafanye viduara, wavibonyeze kwa uma, na mdogo kazi yake iwe kutia nukta ya rangi nyekundu katikati ya kila kimoja kwa ncha ya kijiti. Moto uwe wa taratibu, kileja hakitakiwi kubadilika rangi. Una oveni, nakuonea fahari, sisi tulikuwa tunapalia makaa juu ya mfuniko na mtu hathubutu kuondoka. Vitakavyotoka vimepinda viache hivyo hivyo. Usivifiche nyuma ya sahani ukaweka vizuri mbele. Akija mgeni, mwambie mbele yao: hivi wamefanya wanangu.

Cha mumeo kiwe bokoboko. Ngano iloweke usiku, asubuhi ya kuamkia iwe jikoni na nyama yake, na kulisonga mpaka lishikane ni kazi ya mkono wenye nguvu. Asonge yeye. Samli ya juu atie yeye. Watoto wamuone baba yao jikoni siku ya sikukuu, wakue wakijua kuwa sikukuu si kazi ya mama peke yake. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa anafanya hivyo, na watu walisema maneno, na yeye akaendelea kusonga. Cha kwako chagua unachokipenda kukila wewe. Nadhani utachagua mkate wa kumimina, maana nazi mmesema sasa zinapatikana hapo sokoni Majengo.

Hina mpake mkubwa usiku wa mwezi, hina ya majani na ndimu, alale nayo. Ila piko usimpake kabisa hata akililia. Hiyo nyeusi ni dawa ya nywele, inaunguza ngozi za watoto, wengine wanatoka malengelenge na kubaki na alama. Nimeyaona hayo kwa mtoto wa jirani na sitaki kuyaona kwa mjukuu wangu.

Nguo moja mpya inatosha. Najua shinikizo lililopo. Hapa sokoni Darajani kumi la mwisho la Ramadhani watu wananunua mpaka usiku wa manane, kila mtu anataka nguo ya Idi mosi, ya Idi pili, ya Idi tatu na ya Idi nne, na kuna wazazi wanaokopa. Mtoto hajali. Mtoto anapenda nguo yake na ataivaa siku zote nne ukimwachia. Ifue usiku, aivae tena. Pesa zilizobaki zitie kwenye mambo mengine nitakayokwambia.

Asubuhi yenyewe waamshe mapema kwa takbira. Zianze kwenye nyumba, kwa sauti ya baba yao, si kwa simu. Wakoge, wavae, wajipake mafuta mazuri, na chetezo cha udi kiwe mbali na mdogo. Kabla ya kutoka kila mmoja ale tende kwa idadi ya witiri, tatu au tano, ndiyo suna ya sikukuu hii. Kisha nendeni wote. Umeniuliza kama inafaa kuwapeleka wadogo, watasumbua watu. Wapeleke. Mtume, sala na amani zimshukie, aliamrisha wanawake watoke, wasichana watoke, hata wale walio katika hedhi watoke wahudhurie kheri na dua huku wakikaa kando na mahali pa kusalia. Sikukuu ilikuwa ya mji mzima. Ukienda ule msikiti wa Gaddafi nenda mapema, ukae karibu na mlango wa upande wa wanawake, uwe na maji na tende za ziada. Na kurudi mpite njia nyengine, hiyo nayo ni suna, na mtoto ukimwambia "leo tunarudi kwa njia nyengine kwa sababu ni Idi" ataisubiri njia hiyo kila mwaka.

Usiwaambie wanyamaze siku hiyo. Kuna hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, kwamba vijana wa kike wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwake siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akaingia akakemea, na Mtume akamwambia awaache, kila watu wana sikukuu yao na hii ni yetu. Na Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, Bibi Aisha akasimama nyuma yake akatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Mimi hadithi hizi zimenisaidia kuwalea nyinyi. Kila niliposikia kelele zenu uani nikitaka kupiga ukelele, nilikuwa naikumbuka hiyo, nikaacha.

Mkirudi, kabla nyinyi hamjakaa kula, watoke na sahani za jirani. Umesema jirani zako upande huu ni Wagogo, upande ule ni watu wa Bukoba, wote Wakristo, na unaona haya kuanza. Anza wewe. Weka bokoboko au pilau, vileja pembeni, funika kwa kawa nitakayokuletea, na mpeleke mkubwa abishe hodi aseme, "Shikamoo, mama amesema tuleni sikukuu pamoja." Mdogo abebe sahani ya vileja. Hii ndiyo kazi yao ya Idi mosi, na iwe yao tu.

Ule mwaka 2000 niliokutajia, nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa akikaa nesi kutoka bara, hana ndugu hapa kisiwani. Krismasi alituletea keki na kuku. Siku moja mbili baadaye mwezi ukaandama, sisi tukampelekea sinia. Wewe ulikuwa na miaka mitano na ulibeba mkate wa kumimina kwa mikono miwili, hukutaka mtu akusaidie. Tangu hapo mpaka alipohamishwa kazi, nyumba zile mbili hazikupitwa na sikukuu yoyote, ya kwetu wala ya kwake. Alipopata mtoto mimi ndiye niliyemkanda. Kwa hiyo ukiogopa kuwa watoto wako watakua Dodoma bila mashangazi, mashangazi wako ng'ambo ya ukuta, wanangoja kubishiwa hodi.

Mkono wa Idi, zile pesa wanazopewa watoto, usiingizwe kwa simu kwenye akaunti yako. Mtoto wa miaka sita haoni kitu hapo. Mchukulie sarafu za mia tano na noti mpya ndogo ndogo, na kaka yako na mimi tutamtumia mumeo ili abadilishe awakabidhi mkononi kwa majina yetu: hii ya bibi, hii ya mjomba. Kila mmoja awe na kijaluba chake cha kuzitia. Na pesa zile ni zao. Wakitaka kununua puto na aiskrimu tatu, wanunue. Ukimwambia "nipe nikuwekee", basi ziwekwe kweli na siku akizitaka azipate zote, kwa sababu mtoto hasahau hesabu hiyo mpaka anazeeka. Mshauri tu, bila kumlazimisha, atoe sarafu moja ampe mtoto ambaye hakupata.

Sasa jambo ambalo naona ndilo linalokutesa zaidi: ile saa sita mchana. Hapa kwetu mchana wa Idi watoto wanalala, kwa sababu wanajua jioni kuna kutoka. Alasiri wanakoga tena, wanavaa tena, wanakwenda viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja na kule Kariakoo yetu ya Unguja, na Pemba wanakwenda Tibirinzi, wanapanda bembea, wanakula urojo na mishikaki, wanarudi miguu inauma. Idi yetu ina jioni, tena jioni ndiyo kubwa kwa watoto. Yako inakwisha mchana, ndiyo maana wanarudi kwenye katuni. Huna viwanja hivyo, lakini saa unazo. Walaze baada ya adhuhuri, hata kama hawataki. Walioamka alfajiri watalala. Alasiri waamshe, wakoge, nguo ile ile, vijaluba vyao mkononi, mtoke. Bustani yoyote yenye nyasi na wauza aiskrimu inatosha. Alika familia nyengine mbili tatu zenye watoto, wale wenzenu wa kutoka visiwani walio maofisini huko, mkutane mahali pamoja saa kumi. Kila mtu aje na mkeka na sahani moja. Mumeo aende na kamba awafungie bembea kama kuna mti wa kuaminika. Mrudi Magharibi. Mkifanya hivyo miaka miwili mfululizo, mwaka wa tatu watoto wenyewe watakuulizeni saa kumi inafika lini.

Televisheni sikwambii uizime siku nzima, utagombana nao bure. Iwe baada ya Isha. Simu ya video kwetu iwe baada ya kurudi msikitini, kabla ya sahani za jirani, hapo wote tutakuwa tumekaa ukumbini. Usiwasukume waseme maneno waliyofundishwa. Waachie wanionyeshe viatu.

Baba yenu hayuko, na Idi hapa baada ya sala tunapita makaburini kwanza. Nyinyi huko hamna kaburi la kuzuru. Mkishakula, kabla ya kulala mchana, kaeni pamoja mumtaje kwa jina, na babu wa upande wa mumeo pia, mumuombee kila mmoja. Mkubwa aitikie amina. Mueleze babu yake alikuwa mtu wa namna gani, jambo moja tu kila Idi, usimjazie mengi. Mwaka huu mwambie habari ya bokoboko, kwa kuwa atakuwa ametoka kulila.

Na wewe, mwanangu, usiku wa mwezi ukifika saa nne na kuna vyombo havijaoshwa, viache ulale. Ukali wa mama aliyechoka watoto wanauona mapema kuliko vumbi la kabatini. Kama kuna jambo katika haya niliyokuandikia litakalokuzidi, liache mpaka mwakani. La kutoacha ni fitri na zile sahani za jirani, basi.

Mzigo nitaupeleka bandarini Jumatano kwa boti ya asubuhi. Shemeji yako ataupokea Dar na kuupakia kwenye treni ya umeme au basi, atakavyoona mwenyewe, kwa hiyo mumeo asizime simu. Ndani kuna kibaba cha bati, kawa mbili, hiliki, samli ya Pemba, hina, udi kidogo, na kanzu ya mdogo ambayo nimeiachia pindo refu ili imfae na mwakani. Kofia yake nipimie kichwa kwa uzi unitumie urefu, fundi anangoja. Na likizo ya mfunguo tatu iombe sasa hivi, usingoje mwezi uandame, ili tusali pamoja Idi ya kuchinja hapa nyumbani.

Wasalaam,
Mama yako
Unguja